Leseni ya jimbo, kero ya mtaa: kisa cha maduka ya pombe ya South Central, Los Angeles

Walipoanza kubisha hodi nyumba hadi nyumba, waliamini wanalijua jibu watakalopewa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika mitaa ya South Central, Los Angeles, wakati kokeini ya kuvuta, ile iliyoitwa kreki, ilikuwa imeshatia mguu karibu kila familia. Karen Bass, mtaalamu wa afya aliyewahi kuhudumia wagonjwa katika kitengo cha dharura cha hospitali ya umma, alikuwa ameanzisha na wenzake mwaka 1990 kikundi kilichoitwa Community Coalition. Ndani yake walikuwamo Wamarekani weusi na Walatino, na shabaha yao ilikuwa kupambana na dawa za kulevya bila kuliacha jambo zima mikononi mwa polisi na magereza. Walitarajia wakazi wawaonyeshe nyumba zinazouza kreki. Wakazi wakawaonyesha maduka ya pombe.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ni miongoni mwa vichache ambamo watu wa kawaida, wasio na fedha wala cheo, walizuia leseni za vileo kwa makumi, tena kwa kufuata taratibu za kisheria. Nimekichagua pia kwa sababu ushindi wao uliwaumiza watu wengine ambao nao hawakuwa na pa kukimbilia. Anayesimulia upande mmoja akauacha mwingine hajakisimulia.

Duka la kona

Dar es Salaam tukisema "grosari" mtu anaelewa sehemu ya bia: viti vya plastiki, friji, muziki. Neno hilo kwa asili ni duka la vyakula, lakini kwetu pombe imelichukua lote. South Central mambo yalikwenda kwa namna inayofanana na hiyo, ila kule kilichochukuliwa kilikuwa duka lenyewe. Baada ya ghasia za mwaka 1965 katika mtaa wa Watts wa eneo hilo, zilizoua watu 34, maduka makubwa ya vyakula yalizidi kuhama. Yaliyobaki kwenye kona yalikuwa maduka madogo yenye leseni ya vileo. Mama aliyetaka maziwa ya mtoto aliyakuta humo humo, nyuma ya kaunta yenye kioo kisichopenya risasi, jirani na chupa za pinti na makopo ya bia kali yanayouzwa moja moja.

Wanakampeni walihesabu leseni 728 katika eneo lao. Idadi hiyo peke yake haielezi maisha ya hapo. Kilichowachosha watu ni kile kilichotokea nje ya mlango. Kopo moja la bia likinunuliwa hapo, hunywewa hapo hapo ukutani. Wanaokunywa ukutani huvuta wauza dawa, kwa kuwa wateja wao wako pamoja. Simu ya kulipia iliyosimama mbele ya duka ikawa ofisi ya wauzaji hao. Usiku makahaba, alfajiri chupa zilizopasuka kwenye njia ya watoto wa shule. Mzee aliyekaa nyumba mbili kutoka hapo hakuwa na ugomvi na pombe kama pombe. Ugomvi wake ulikuwa na kona.

Jambo hilo linastahili kushikwa, maana kampeni nyingi dhidi ya baa na vilabu hufa kwa kuligeuza kuwa mahubiri. Ukisema pombe ni dhambi, nusu ya majirani zako wanakaa kimya, kwani nao wanakunywa. Ukisema kwamba mwanangu hukanyaga vigae vya chupa kila asubuhi, hata mnywaji anasimama upande wako. Community Coalition walikuwa watu wa afya na wapangaji wa mitaa, na lugha waliyoichagua ilikuwa ya kero.

Halafu kulikuwa na damu. Tarehe 16 Machi 1991, msichana mweusi wa miaka 15, Latasha Harlins, alipigwa risasi na kufa ndani ya duka la pombe la mtaa wa Figueroa katika mabishano juu ya chupa ya maji ya machungwa ya dola 1.79. Mwenye duka, mhamiaji kutoka Korea, alipatikana na hatia ya kuua, kosa dogo kuliko mauaji kamili, na Novemba mwaka huo jaji hakumfunga: alimpa kifungo cha nje, kazi za jamii na faini ya dola 500. Kwa weusi wa South Central, duka la kona likawa mahali ambapo maisha ya mtoto wao yalipimwa bei.

Nani hasa mwenye leseni?

Hapa ndipo kisa kinapopata uzito wake. Katiba ya California, ibara ya 20, inaipa serikali ya jimbo peke yake mamlaka ya kutoa na kufuta leseni za vileo. Halmashauri ya jiji haina kalamu hiyo. Mkazi akienda kwa diwani wake kulalamika, diwani anaweza kumjibu kwa ukweli kabisa kwamba leseni imetoka Sacramento, makao makuu ya jimbo. Akienda kwa idara ya vileo ya jimbo, anakuta wachunguzi wachache, faili nyingi, na utaratibu unaodai ushahidi wa kosa moja moja: siku gani, saa ngapi, nani aliuza, nani alinunua. Duka linaweza kuwa chanzo cha shida zote za mtaa bila kuvunja kifungu hata kimoja cha leseni yake.

Lakini jiji lina ardhi. Mamlaka ya kupanga kiwanja kipi kitumike kwa shughuli gani ni ya jiji, na tangu miaka ya 1980 Los Angeles ilikuwa imeanza kudai kibali cha masharti kwa atakayetaka kufungua sehemu mpya ya kuuza pombe. Ili kibali kitoke sharti kiitishwe kikao cha wazi, majirani wajulishwe, na yeyote mwenye pingamizi asikilizwe. Kwa maneno mengine, jimbo linauliza kama mtu huyu anafaa kuuza pombe, na jiji linauliza kama kona hii inafaa pombe kuuzwa hapo. Swali la pili ndilo ambalo jirani ana majibu yake.

Tatizo lilikuwa kwamba maduka yote ya zamani yalikuwapo kabla ya sharti hilo. Yalilindwa na kanuni ya haki iliyotangulia: uliyejenga kabla ya sheria, sheria haikugusi. Community Coalition walikuwa na hoja, walikuwa na watu, na walikuwa wameupata mlango. Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa maduka karibu yote waliyoyalalamikia.

Tarehe 29 Aprili 1992 askari wanne walioonekana kwenye video wakimpiga Rodney King, dereva mweusi, waliachiwa na mahakama. Jiji likawaka. Zaidi ya watu 50 walikufa na mali ya takribani dola bilioni 1 iliteketea. Katika majivu ya South Central kulikuwa na maduka ya pombe yapatayo 200.

Jiji linataka kujenga haraka

Baada ya moto, kauli ya viongozi ilikuwa moja: tujenge upesi. Meya Tom Bradley na baraza lake walitaka kupunguza urasimu ili wafanyabiashara warudi. Bass na wenzake waliona kwamba haraka hiyo ndiyo ingewamaliza, kwa kuwa maduka 200 yangeota tena kwenye kona zile zile kabla hakijaitishwa kikao hata kimoja. Wakaanzisha kampeni yenye jina lililosema kila kitu: kuijenga upya South Central bila maduka ya pombe.

Walikusanya saini, wakaenda makanisani, kwenye mikutano ya wazazi, kwenye vilabu vya wakazi vya mtaa mmoja mmoja. Baraza la jiji, wakiwamo madiwani wa eneo hilo kama Mark Ridley-Thomas na Rita Walters, likakubali kutofautisha. Biashara nyingi zingejengwa kwa njia ya mkato. Aina chache zilizokuwa na historia ya kero, maduka ya pombe yakiwa ya kwanza, zingepita kikaoni kabla ya kurudi.

Kikao hicho kinafaa kuelezwa, kwa sababu ushindi wote ulipatikana humo. Mezani anakaa afisa wa mipango miji. Upande mmoja mwenye duka, mara nyingi na wakili na mkalimani. Upande wa pili wakazi wa nyumba zinazolizunguka duka. Afisa hakuulizwa kama Wakorea, waliomiliki mengi ya maduka hayo, ni watu wabaya au kama pombe inadhuru ini. Aliulizwa kama kurudishwa kwa duka hili, kwenye kiwanja hiki, kutawaletea majirani madhara, na kama yapo masharti yanayoweza kuyazuia. Kwa hiyo ushahidi wenye nguvu ulikuwa wa karibu na mdogo: nani anaishi wapi, anaona nini dirishani kwake, polisi waliitwa mara ngapi. Bibi wa miaka sabini anayeeleza kwa nini haendi kituo cha basi baada ya magharibi alikuwa na uzito kuliko profesa.

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kila duka lilikuwa na faili lake, kikao chake, rufaa yake. Wakazi walilazimika kuomba ruhusa kazini, kupanda basi hadi mjini, kungoja. Vikundi vingi vya mitaa huvunjika hapo: mkutano wa kwanza huja watu mia, wa nne huja sita. Hawa walidumu miaka mitatu na zaidi, na nadhani sababu ni kwamba walikuwa na watumishi waliolipwa kufuatilia tarehe, kuwapigia watu simu na kuwasafirisha. Hasira za wananchi zilikuwapo tangu zamani. Kalenda ndiyo iliyokuwa haipo.

Mara chache afisa alikataa moja kwa moja. Mara nyingi aliruhusu kwa masharti: mlinzi wakati wa kazi, taa za kutosha nje, maandishi ya ukutani yafutwe upesi, takataka ziokotwe, saa za kuuza zipunguzwe. Wenye maduka wengi walipiga hesabu wakaona biashara haitalipa, wakaacha.

Waliobeba gharama

Sasa upande ambao wasimulizi wengi huupita mbio.

Wengi wa wenye maduka hayo walikuwa wahamiaji kutoka Korea. Walinunua maduka ambayo wengine hawakuyataka, kwa akiba ya ukoo mzima na fedha za michezo ya upatu, ile wanayoiita "kye". Mke na mume walisimama kaunta kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane. Katika siku chache za 1992, biashara takribani 2,300 za Wakorea ziliharibiwa au kuporwa mjini Los Angeles, na hasara yao ilikadiriwa dola milioni 400. Jamii yao huziita siku hizo "Saigu", yaani nne-mbili-tisa, kwa tarehe ilipoanza. Polisi hawakuwalinda. Wengi waligundua kwamba bima waliyokatiwa ilikuwa ya kampuni zilizosajiliwa nje ya nchi ambazo hazikulipa.

Mtu huyo, akiwa amesimama juu ya majivu ya kila alichokuwa nacho, akaambiwa hawezi kujenga tena bila kikao, mlinzi na taa. Leseni yake ya jimbo ilikuwa bado hai, lakini haikuwa na mahali pa kukaa. Kwake yeye hii ilikuwa adhabu ya pili kwa kosa ambalo hakulitenda. Na hakukosea kabisa kunusa chuki: mwaka 1991 na 1992 kulikuwa na sauti South Central zilizotaka Wakorea waondoke, na siku za moto maduka yao yalilengwa.

Community Coalition walisisitiza kwamba wanapinga msongamano wa maduka, yawe ya nani. Naamini walimaanisha. Lakini sera hupimwa pia kwa anayeibeba, na walioibeba walikuwa familia za wahamiaji zilizofilisika. Jiji lililoruhusu maduka hayo kurundikana kwa miongo mitatu halikulipa fidia. Hilo lilikuwa kosa, na ni kosa la serikali kabla ya kuwa la wakazi. Kama umma umeona kwamba biashara halali imezidi mahali fulani, umma ndio uchangie gharama ya kuiondoa.

Wapo waliolitambua hilo mapema. Bong Hwan Kim, aliyeongoza kituo cha vijana na jamii cha Wakorea, alikubali kukaa meza moja na Bass wakati wenzake wengi walimwona msaliti. Kituo chake kikasimamia mpango wa kuwasaidia wenye maduka wabadilishe biashara: wafungue sehemu za mashine za kufulia nguo au maduka yasiyouza pombe. Wazo lilikuwa zuri na la kiutu. Utekelezaji ulikwenda kwa kusuasua, maana faida ya kufua nguo haifikii ya pombe, mkopo haupatikani kirahisi, na hata kuunganisha sehemu ya kufulia na bomba la majitaka la jiji kulikuwa na ada nzito hadi jiji lilipoingilia kati. Mtu mwenye miaka 55 aliyepoteza kila kitu haanzi upya kwa sababu ameoneshwa mpango kwenye karatasi.

Mahakamani na bungeni

Wafanyabiashara walipinga kwa njia mbili. Mahakamani, shirika la utetezi wa sheria la Wakorea-Wamarekani lilidai kwamba jiji limejipa mamlaka ya vileo ambayo katiba imeyaweka kwa jimbo. Mwaka 1994 mahakama ya rufani ya California ikaupa upande wa jiji haki: masharti yale yanahusu matumizi ya ardhi na kero, hayahusu uuzaji wa pombe wenyewe, kwa hiyo hayagongani na mamlaka ya jimbo. Bungeni Sacramento, mwaka huo huo, uliletwa muswada wa kuwaruhusu walioungua wajenge tena bila masharti ya jiji. Haukupita.

Mwaka 1994 ulileta pia sheria ya mbunge Louis Caldera, ambayo hadi leo ni silaha ya mitaa ya California nzima. Inasema kwamba mahali penye uhalifu uliozidi wastani kwa kiwango maalumu, au penye leseni nyingi kupita uwiano wa kaunti, leseni mpya inyimwe, isipokuwa mamlaka ya eneo au mwombaji aonyeshe, kulingana na aina ya leseni, kwamba umma unaihitaji kweli. Kabla yake, jirani ndiye aliyebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba duka jipya litadhuru. Sasa anayetaka kuongeza duka mahali palipojaa ndiye anayepaswa kueleza kwa nini.

Mji wa Oakland, kaskazini mwa jimbo hilo hilo, ulilishika tatizo la maduka ya zamani ambalo Los Angeles ilipata nafasi ya kuligusa kwa sababu ya moto tu. Mwaka 1993 ulipitisha kanuni isemayo kwamba kila duka la zamani "linahesabiwa limekubaliwa", kwa sharti kwamba halitakuwa kero. Likigeuka kero, linaitwa kikaoni na linaweza kuupoteza ukubali huo. Maduka yenyewe yanalipa ada ya kila mwaka ya kugharimia ukaguzi. Mwaka 1996 mahakama ya rufani iliikubali kanuni hiyo pia. Kwa maoni yangu hii ndiyo kanuni bora kuliko zote katika kisa hiki, kwa kuwa haimgusi anayeendesha duka lake kwa utulivu, na haimlazimu jirani kungoja maafa ili asikilizwe.

Kilichobadilika

Kati ya maduka yale 200, karibu 150 hayakurudi. Zaidi ya 40 yaligeuzwa kuwa biashara nyingine au makazi. Watafiti wa afya ya jamii walizirudia baadaye takwimu za kaunti ya Los Angeles, wakihesabu sehemu takribani 270 zilizosalimisha leseni baada ya uharibifu. Utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba kisonono kilipungua zaidi katika maeneo yaliyopoteza sehemu nyingi za pombe. Mwingine wa 2008 ulionyesha mashambulio ya kudhuru mwili yakishuka takribani mwaka mmoja baada ya leseni kusalimishwa, na nafuu hiyo ikidumu kama miaka mitano. Wale waliokuwa wakisema dirishani kwao ndiko shida inakoanzia walikuwa wameisema sayansi kabla haijaandikwa.

Karen Bass aliiongoza Community Coalition hadi 2004, akaingia bunge la jimbo, akawa spika wake 2008, kisha mbunge wa taifa, na Desemba 2022 aliapishwa kuwa meya wa Los Angeles. Eneo lenyewe lilibadilishwa jina rasmi mwaka 2003, likaitwa South Los Angeles.

Mamia ya leseni ambazo moto haukuzifikia ziliendelea kama kawaida. Kwenye njia panda ya Florence na Normandie, mahali ghasia za 1992 zilipopamba moto saa za mwanzo, kulikuwa na duka la pombe lililoporwa jioni ile ile ya kwanza mbele ya kamera za helikopta. Waandishi wa habari waliporudi kwenye kona hiyo kuadhimisha miaka 20, mwaka 2012, walilikuta liko wazi, linauza.